Njiti za kiberiti

Ukitembea Kaloleni huchukui muda kuuona Mnara wa Mwenge. Jirani yake ndipo Halmashauri Kuu ya TANU ilipokutana Januari 1967 na kupitisha Azimio la Arusha. Watoto ninaowafundisha Jumamosi wanaupita mnara huo kila siku. Nilipowauliza moto ni nini, mmoja alijibu haraka: "Mwenge, Mwalimu."

Hakukosea. Usiku wa kuamkia 9 Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda alifika na mwenge kileleni Kilimanjaro, na tangu hapo historia yetu inatuambia kwamba moto mlimani ni tumaini. Mimi nilikuja na habari nyingine: Oktoba 2020 mlima huohuo uliwaka kwa siku nyingi, kuanzia eneo la Whona.

Tulichomeka njiti za kiberiti kwenye kibao cha udongo wa mfinyanzi, kama msitu mdogo. Kibao kikiwa kimelala, moto ulitambaa pole pole. Tulipokiinua upande mmoja kama mteremko wa Meru, ulipanda mbio, kwa sababu ndimi zake hukausha na kupasha joto kilicho juu kabla ya kukigusa. Kisha tuking'oa mstari mmoja wa njiti, moto ulifika pale ukafa. Hiyo ndiyo barabara ya moto, nikawaambia.

Nikaongeza kwamba mwaka 2005 mtafiti Andreas Hemp alionyesha jinsi moto ulivyoshusha ukingo wa juu wa msitu wa Kilimanjaro kwa mamia ya mita. Miti ile hunasa maji ya ukungu, na kuipoteza ni hasara kubwa kwa maji kuliko kuyeyuka kwa barafu tunayoililia.

"Nani aliwasha?" wakauliza. Nikasema kilichosemwa na TANAPA wakati ule: wapagazi waliokuwa wakipasha chakula cha wageni.

Mvulana wa nyuma akanyoosha mkono. "Mwalimu, kaka yangu ni mgumu. Kwa hiyo ni yeye?"

Nilikosa jibu. Nikaona nimerudia somo la kale kuliko mimi. Tangu Wajerumani, kisha Waingereza, walipotenga misitu ya milima hii kuwa hifadhi, elimu ya moto imekuwa zaidi orodha ya washtakiwa: mrina asali, mfugaji, mkata kuni, na sasa mpagazi. Aliyewasha ana wajibu wake, ndiyo. Lakini njiti moja haichomi mlima bila ukame wa kabla ya vuli, upepo na mteremko. Na anayetajwa kama mshtakiwa hawezi tena kuwa mwalimu.

Nikamwomba yule mvulana amlete kaka yake.

Jumamosi iliyofuata alikuja, koti lake la mlimani likiwa begani. Aliwaambia jinsi vidole vinavyokufa ganzi jua likizama kule juu, baada ya kutwa nzima chini ya mzigo wa kilo 20. Kisha akawasha kijiti uani, akakizima mbele yao: maji, koroga majivu, maji tena, halafu weka mgongo wa mkono karibu usikie joto.

"Kama bado linakuita," alisema, "hujamaliza."

Watoto wakajipanga mstari. Mdogo wake alikuwa wa kwanza.