Gari la Umeme na Kikomo cha Spidi

Ukiniuliza, kikomo cha spidi hukuonyesha watu wa wakati fulani waliogopa nini. Mwaka 1974 Marekani iliweka maili 55 kwa saa nchi nzima. Ati kwa sababu ya ajali? Zaidi ilikuwa mafuta: nchi za Kiarabu zilikuwa zimewanyima tangu 1973. Kikomo hicho kilifutwa 1995.

Austria iliogopa moshi. Kwenye sehemu kadhaa za barabara kuu ilishusha mwendo hadi kilomita 100 ili hewa iwe safi. Mwaka 2019 ikaruhusu magari ya umeme yaende 130 palepale, maana hayatoi moshi.

Hoja yao naielewa. Lakini hofu yetu Kenya ni nyingine. Michuki alipobana matatu kwa vidhibiti mwendo vya kilomita 80, mwaka 2004, shida ilikuwa watu kufa barabarani. Leo Nairobi ina mabasi ya umeme, matulivu, nayapenda sana. Ila betri ni nzito, na mifupa ya anayevuka Thika Road ni ileile. Umeme unaondoa moshi, hauondoi kishindo.