Kwa Nini Wazungu Walikuja Hata Kivu?

Kila mara tukifundisha historia kwa vijana wa Bweremana, swali lile lile linarudi: Wazungu walikuja kutafuta nini? Wengine wanajibu upesi: mali. Wengine: kukomesha utumwa na kuleta dini. Tuangalie kwanza ziwa lililo mbele yetu.

Mwezi wa Novemba 1884 wajumbe wa serikali 14 walikutanika Berlin, wakamaliza Februari 1885. Mwafrika hata mmoja hakuitwa. Agosti ya mwaka ule Leopold II, mfalme wa Wabeleji, alitangaza mipaka ya Kongo, iliyokuwa mali yake mwenyewe, si ya Ubeleji bado. Upande wetu mstari ulipita katika inchi ambayo Mzungu hajaiona. Von Götzen, Mdachi, alifika ziwani Kivu mwaka 1894 tu, akalivuka, akashika njia ya msitu mpaka Lualaba. Basi tulikuwa tumekwisha kugawanywa miaka tisa mbele ya kuonekana!

Mtu asiyejua kama shamba lina udongo ao majabali, kwa nini analiwekea alama? Anaogopa jirani asimtangulie. Ndiyo maana tunasema kwamba hapa Kivu hofu ilitangulia tamaa. Ugomvi wa Wabeleji, Wadachi na Waingereza juu ya mpaka huu haukuisha mpaka mapatano ya Brussels mwaka 1910. Kisiwa cha Idjwi kikawa cha Wabeleji. Wenye Idjwi hawakuulizwa.

Tamaa ikafuata. Sheria ya tarehe 1 Julai 1885 ilisema: ardhi isiyo na mtu ni ya serikali. Lakini nani aliamua kwamba haina mtu? Shamba lililoachwa lipumzike, pori la kuwinda, mlima wa malisho: kwa mzee Muhunde vyote vina mwenyewe. Kwa kalani wa serikali vilikuwa vitupu. Mwaka 1928 ikaundwa Komite ya Taifa ya Kivu, ikagawa mashamba kwa wakoloni, na kahawa na piretre zikapanda milima ya Masisi. Tangu 1937 serikali ikaleta Banyarwanda Gishari, kusudi kupunguza wingi wa watu kwao na kupata wafanya kazi huku. Watu hao hawakuchora mipango ile, tusiwahesabie kosa la ofisi. Lakini matata ya ardhi tunayosikilizwa leo penye baraza, mengi yana mzizi huko.

Na utumwa? Kardinali Lavigerie alipohubiri mwaka 1888 juu ya biashara ya watu, hatuna shaka kwamba alisema kwa moyo. Vita vya 1892 mpaka 1894 vilivunja kweli nguvu za wafanya biashara wale wa Manyema. Lakini serikali iliyojisifu kwa vita hivyo ndiyo iliyokusanya mpira kwa fimbo na bunduki. Neno jema lilifungua njia kwa tendo baya, na waliosema neno hawakuwa daima watenda.

Hapa kijana mmoja alitukatiza: «Na shamba la misioni, Padri?» Tukamweleza mapatano ya tarehe 26 Mei 1906 kati ya Leopold na Roma: misioni zifungue shule, serikali izipe kila moja hekta 100, hata 200, pasipo malipo. Akauliza zilikuwa za nani mbele yake.