Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Mwanafunzi wa Udaktari na Utafiti wa Maradhi Mkoani Mara

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kando ya Ziwa Victoria methali hiyo imetimia nusu. Wageni walikuja na darubini, sindano na madaftari, na wenyeji wengi walipona kweli. Lakini kwa miaka mingi mgeni ndiye aliyeuliza swali. Mwenyeji alitoa damu, akabeba chupa, akatafsiri. Makala hii inafuatilia swali hilo lilivyosafiri, toka kambi za malale za Wajerumani mpaka kwa kijana wa Mugeta, kata ya Bunda iliyoelekea Serengeti, anayesomea udaktari na kutaka kuchunguza maradhi ya kwao.

Mwaka 1906 Robert Koch, daktari Mjerumani, alifika ziwani kutafuta dawa ya malale. Mpaka 1907 alikuwa visiwa vya Ssese, upande wa Uganda, akiwadunga wagonjwa atoksili, dawa yenye aseniki iliyowapofusha baadhi yao. Serikali ya Wajerumani ikafungua kambi za malale upande wake wa ziwa, mojawapo Shirati, ambayo leo imo wilayani Rorya. Jina la Koch limebaki vitabuni. Waliompigia makasia, waliomtafsiria na waliokubali sindano hawakuandikwa kama watu waliojua jambo lolote.

Waingereza waliongeza ngazi moja. Kuanzia 1926 walifundisha madresa wa kusafisha vidonda na kugawa dawa vijijini. Dresa aliijua ndui, aliujua ukoma, na alijua ni nyumba ipi imeficha mgonjwa. Kazi aliyopewa ilikuwa kutibu na kuhesabu. Aliyetaka udaktari alitazama Makerere, ambako mafunzo ya tiba yalianza mwaka 1924, na Watanganyika waliopata nafasi huko walikuwa wachache sana. Mwaka 1949 kikaanzishwa Mwanza kituo cha utafiti wa matende, ambacho kilikua kikawa taasisi ya utafiti wa tiba ya Afrika Mashariki nzima. Hivyo maabara ikafika jirani kabla mwenyeji hajapata nafasi ya kuiongoza.

Mara nayo iliingia katika historia ya saratani duniani. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji katika hospitali ya Mulago, Uganda, mwaka 1958 alieleza uvimbe wa taya uliokuwa ukiwaua watoto. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari maili 10,000 hivi, wakipita hospitali kwa hospitali kuuliza uvimbe huo unaonekana wapi na wapi hauonekani. Jibu lilifuata mahali penye joto, mvua na malaria. Kuanzia 1977 mpaka 1982 watoto wa Mara Kaskazini walipewa klorokwini ili ijulikane kama kuzuia malaria kungepunguza saratani hiyo, na hospitali ya misheni ya Wamenoni ya Shirati ilikuwa na mkono mkubwa katika kazi hiyo. Wagonjwa wa saratani walipungua, lakini walikuwa wameanza kupungua kabla ya vidonge kugawiwa, na malaria yenyewe ilirudi juu dawa ilipozoeleka. Utafiti ule ulifanywa kwa uangalifu mkubwa, na ukatufundisha pia ugumu wa kupata jibu la hakika.

Wakati huo nchi ilikuwa ikitafuta madaktari wake. Mwalimu Nyerere, mwana wa Butiama, alikuwa akikumbusha kwamba tulipata uhuru tukiwa na madaktari 12 na wahandisi wawili. Shule ya tiba ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1963. Esther Mwaikambo, Mtanzania mwanamke wa kwanza kuwa daktari, ilimbidi akasomee Umoja wa Kisovyeti. Mwaka 1987 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa chama cha madaktari wanawake, MEWATA. Hata sera njema ilihitaji kusahihishwa. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilimtaka kijana afanye kazi kwanza ndipo aingie chuo kikuu. Wasichana wakapungua vyuoni, na baada ya muda mfupi wakaondolewa sharti hilo. Mlango mmoja kwa wote ulikuwa umewafungia nusu ya wana.

Na mlango haufungwi Afrika peke yake. Marekani, ripoti ya Abraham Flexner ya 1910 kuhusu vyuo vya tiba ilifuatiwa na kufungwa kwa vyuo vingi vya Wamarekani Weusi. Vilivyosalimika ni Howard na Meharry. Baadaye vyuo vikubwa vilianza kutafuta njia ya kurekebisha. Chuo cha tiba cha Cornell, New York, kilianzisha mwaka 1969 mafunzo ya utafiti ya majira ya joto kwa wanafunzi wa jamii zenye madaktari wachache, kabla hawajaingia udaktari. Chuo hichohicho kilishirikiana na Bugando, hospitali iliyofunguliwa Mwanza mwaka 1971, wakati chuo cha udaktari kilipoanza hapo mwaka 2003. Kwa mara ya kwanza mtoto wa Bunda aliweza kusomea udaktari bila kuvuka nusu ya nchi.

Mwanza kulikuwa tayari na shule ya utafiti. Taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, NIMR, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1979 ikarithi maabara za zamani. Kati ya 1991 na 1994, katika jamii 12 za vijijini, watafiti wake na wenzao walionyesha kwamba kutibu vizuri magonjwa ya zinaa kwenye zahanati za kawaida kulipunguza maambukizo mapya ya VVU kwa karibu asilimia 40. Jibu hilo lilisomwa dunia nzima, na lilitoka kwenye zahanati kama za kwetu.

Mwanafunzi wa udaktari leo huandika utafiti wake mdogo kabla ya kuhitimu. Huchagua swali, huomba kibali cha maadili, hupanga dodoso, huenda fildi, huhesabu, huandika. Wa Mugeta akienda fildi kwao, mama atamweleza kwa Kiikizu kwa nini alichelewa zahanati, na hapatakuwa na mkalimani wa kuyapunguza maneno. Atajua pia maswali ambayo dodoso la mgeni halikuwa nayo: mbung'o wa mpakani mwa hifadhi, lambo wanapooga watoto, msimu ambao nyumba haina nauli.

Nauli hiyohiyo ndiyo humkwamisha naye. Mwenzake wa mjini hukaa likizo nzima maabara. Yeye hurudi shambani, kwa kuwa hana pa kulala Mwanza wala mlezi wa kumsomea rasimu. Ndiyo maana naamini halmashauri, vyuo na wahisani wetu wana deni dogo linalolipika: wiki nane za chakula, malazi na msimamizi mmoja mwenye subira, kwa vijana wa kata ambazo hazijatoa daktari. Damu ya Mara imesafiri maabara nyingi za dunia kwa zaidi ya miaka 100. Sasa tumlipie mtoto wa Mara nauli ya basi akaisome mwenyewe.