Pool: namna ya kulenga na kuurudisha mpira mweupe

Vijiweni mara nyingi anayefungwa ndiye hulipia meza, hivyo kukosa kuna gharama.

Tazama mstari kutoka shimoni hadi kwenye mpira unaotaka kuuingiza. Nyuma yake, kwenye mstari huohuo, fikiria mpira mweupe umesimama ukiugusa. Lenga katikati ya huo wa kufikirika.

Mweupe ukipigwa chini ya katikati, hugonga kisha hurudi. Ukipigwa juu, hufuata. Paka chaki, la sivyo fimbo itateleza.

Milimani kama Amani, Muheza, unyevu hushika kitambaa cha meza na mpira huwahi kupoteza mzunguko huo, kwa hiyo ongeza nguvu kidogo.

Kwa mazoezi, tunashauri ulipie mchezo mmoja bila kushindana na mtu: mipira 15, pigo moja lilelile.