Pombe ya Fizi: Kutoka Mtungini hadi Kwenye Pipa

Mwaka 1965, Ernesto Che Guevara alipokuwa kwenye milima ya Fizi, mashariki mwa Kongo, akiitwa Tatu, pombe ilikuwa moja ya mambo yaliyomkera. Katika kumbukumbu zake za vita vya Kongo anaieleza kama mtu aliyesimama karibu na chungu: mahindi na muhogo huchachushwa, kisha maji yake yakikenekwa hutoa kinywaji kikali zaidi. Leonard Mitoudidi, mmoja wa viongozi wachache wa waasi aliowaheshimu, alianza kuwabana walevi kambini. Hakufika mbali, Juni mwaka huohuo alizama katika Ziwa Tanganyika.

Alichokikuta Che kilikuwa ufundi wenye vyombo viwili, mtungi na pipa. Mtungi ndio mkongwe. Mahindi hulowekwa, hufunikwa hadi yachipue, huanikwa, kisha hutwangwa kuwa kimea. Bila kimea, uji wa muhogo hubaki uji: wanga haugeuki sukari, na chachu haina cha kula. Nchi nzima ya maziwa makuu ilijua siri hiyo, awe mpishi wa ulezi, wa mtama au wa mahindi.

Magharibi mwa Kenya, watengenezaji wa busaa huukaanga unga wa mahindi uliochachuka juu ya bati mpaka uwe kahawia. Hapo ndipo pombe inapopata weusi na harufu ya kuungua, lakini si ukali, maana ukali huletwa na wingi wa sukari inayoliwa na chachu. Watengenezaji bia wa London wa karne ya 18 walilijua hilo: bia zao nyeusi zilizosafirishwa hadi bandari za Baltiki zilishindiliwa kimea kupita kiasi.

Pombe ya nafaka ya Afrika Mashariki haikuwa na safari ndefu namna hiyo. Siku chache tu, imekuwa siki. Kwa Kilembwe, kijiji cha Fizi katika sekta ya Lulenge kilicho mbali na ufuko wa ziwa, mtungi uliopikwa nyumbani ulinywewa nyumbani. Lutuku, kinywaji kikali kinachokenekwa kwenye pipa na ambacho kwingine Kongo huitwa lotoko, haichachi, na bidoni moja hubeba ulevi wa mitungi kadhaa. Huenda njia za milimani ndizo zilizoipa soko, kuliko hata kiu ya watu.

Sheria nayo ilichangia, ingawa si kwa namna iliyokusudiwa. Mkataba wa Saint-Germain wa tarehe 10 Septemba 1919, ambao Ubelgiji iliutia saini, ulikataza kukeneka pombe kali katika sehemu kubwa ya Afrika. Wakongo walizuiwa kununua vileo vikali vya dukani hadi miaka ya 1950. Bia ya kiwandani haikuwa na tatizo: kampuni iliyokuja kuwa Bralima iliundwa Léopoldville mwaka 1923, na ya Katanga ikafuata miaka miwili baadaye. Kwa hiyo ulevi wenye kodi uliruhusiwa, na ule wa mama mwenye pipa ukakimbilia vichakani, kando ya vijito ambavyo maji yake baridi hupoza mvuke ndani ya bomba. Kupika kwa kujificha kuna hatari zake. Mwenye haraka hamwagi maji ya kwanza yanayotoka, na kutu ya pipa haina anayeikagua.

Kisha yakaja maficho ya waasi ya Hewa Bora. Tangu 1967 hadi miaka ya 1980, Laurent-Désiré Kabila aliendesha eneo lake katika milima hiyohiyo, huku dhahabu ikishushwa ziwani kwa magendo. Leo dhahabu hiyo inachimbwa Misisi na Lubichako, na palipo na wachimbaji hapakosi mwanamke mwenye bidoni na kikombe cha kupimia.

Anayetaka bia nyeusi yenye nguvu siku hizi ana Tembo ya Lubumbashi au Turbo King ya Bralima, zote za chupa, zote za kusubiri lori. Barabara za Fizi zikiharibiwa na mvua, kreti hupanda bei au hazifiki kabisa. Lutuku haisubiri lori, kwani muhogo wake umelimwa palepale. Ila weusi haina: mvuke huacha rangi yote ndani ya pipa, na kinachodondoka kwenye bidoni ni cheupe kama maji.