Ubaguzi wa Kimfumo: Istilahi na Ushahidi Wake Kericho

Miongoni mwa istilahi zilizoingia magazetini mwetu katika miaka ya karibu, "ubaguzi wa kimfumo" ni mojawapo ya zile zitamkwazo kwa wepesi na kufahamika kwa nadra. Maana aghalabu msomaji alisikiapo neno ubaguzi hujiwa na sura ya mtu mwenye chuki, msimamizi amtukanaye kibarua ama karani amfukuzaye mtu dirishani, ilhali makusudio yake ni mengine kabisa. Kwame Ture, aliyeitwa zama hizo Stokely Carmichael, na mwenziwe Charles Hamilton, waliandika huko Marekani mwaka 1967 juu ya dhuluma isiyo na mtendaji mmoja wa kunyoshewa kidole, itendwayo na kanuni na desturi hata pale ambapo kila mtumishi anadhani anatimiza wajibu wake tu.

Wako waliofasiri fikra hii kwa "ubaguzi wa kitaasisi", na si kosa. Lakini taasisi ni nyumba moja, iwe skuli, kampuni au kituo cha polisi, na mimi naona nguvu ya dhuluma hii haimo ndani ya nyumba yoyote bali katika namna nyumba hizo zinavyoshikana. Mfumo ni neno litokanalo na kufuma, na katika nguo iliyofumwa uzi mmoja mmoja ukiuchomoa hauoni ndani yake nakshi yoyote. Mwenye shaka na azuru, walau kwa fikra, nchi ya chai ya Kericho na Bomet.

Ardhi ya Wakipsigisi, wenyeji wa huko, kama ya Waafrika wengine wa Kenya, ilihesabiwa na sheria ya mwaka 1915 kuwa mali ya ufalme wa Uingereza, na sheria hiyo hiyo ikawapa walowezi uwezo wa kukodishwa mashamba kwa miaka 999. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ekari 25,000 karibu na Kericho zilitengwa kwa maofisa wa Kiingereza waliojeruhiwa vitani, wapate kulima kitani. Wapagazi wa Kiafrika waliohudumu katika vita hivyo hivyo, na wengi wao wakafia njiani, hawakugaiwa kitu. Kitani kikaanguka bei, maofisa wakashindwa, lakini ardhi haikurejea kwa wenyewe: katikati ya miaka ya 1920 zikaja kampuni za Brooke Bond na James Finlay, na chai ikapandwa.

Hapo ndipo nyuzi nyingine zilipopita. Aliyepungukiwa na malisho alidaiwa kodi kwa fedha, na fedha ilipatikana kwa kuajiriwa. Naye mwajiriwa, tangu mwaka 1920 hivi, alilazimika kuchukua kipande chenye alama za vidole vyake, ambamo tajiri aliandika mshahara na siku ya kuachishwa kazi. Kuondoka kabla ya kipande kutiwa saini ilikuwa jinai, basi mkataba wa kibarua na tajiri ukawa kazi ya polisi. Na kwa kuwa ujira wa zamani ulisomeka pale pale, tajiri mpya hakuona sababu ya kuuzidisha. Askari angeweza kuwa mpole kuliko waungwana wote wa Lamu, na bado mtu yule angefungwa. Ukoo wa Talai, waliokuwa viongozi wa kiroho wa Wakipsigisi, ulitungiwa sheria yake peke yake mwaka 1934, ukahamishwa kwa mamia, wazee kwa watoto, hadi Gwassi karibu na Ziwa Viktoria, kwa hatia ya nasaba.

Kuhusu elimu nitasema kwa ufupi. Skuli zilipangwa kwa rangi, Wazungu mbali, Wahindi mbali, Waafrika mbali, na Mwafrika akakadiriwa zaidi ukulima na useremala. Skuli ya kwanza ya sekondari kwa Waafrika, Alliance, haikufunguliwa hadi 1926. Ukiuliza kwa nini meneja wa shamba la chai hakuwa Mkipsigisi, ulijibiwa kwamba hakusoma. Ukiuliza kwa nini hakusoma, ulijibiwa kwamba kazi zake hazihitaji elimu hiyo. Na aliyebahatika kusoma akaingia serikalini, kanuni ilimlipa tatu kwa tano ya mshahara wa Mzungu wa cheo kile kile, hadi tume ya Lidbury ilipopendekeza mwaka 1954 kuikomesha.

Sheria hizo zimefutwa, na kipande cha Waafrika peke yao kiliondolewa mwishoni mwa miaka ya 1940. Wala wasimamizi wa mashamba leo si wa rangi moja. Lakini nguo haikufumuka yote. Katiba ya mwaka 2010 imepunguza ukodishaji wa ardhi kwa wageni kuwa miaka 99, na Tume ya Taifa ya Ardhi ilikiri mwaka 2019 kwamba Wakipsigisi na Watalai walidhulumiwa. Hata hivyo mashamba makubwa yapo palepale yalipokatwa.

Kwa hiyo nawasihi waandishi na wafasiri wenzangu wasiitumie istilahi hii badala ya tusi. Anayeandika "ubaguzi wa kimfumo" na ataje sheria gani, ya mwaka gani, ilishikana na ipi, na nani hadi leo anakula faida yake; asipoweza, na aandike "ubaguzi" tu.