Dashi katika mashairi ya Emily Dickinson

Dashi, yaani kistari kirefu, ndiyo alama ya uakifishaji inayoutambulisha zaidi ushairi wa Emily Dickinson (1830–1886), mshairi wa Marekani aliyezaliwa na kufariki Amherst, Massachusetts. Aliitia mara nyingi pale ambapo wengine wangeweka mkato au nukta.

Matumizi
Katikati ya mshororo, dashi humsimamisha msomaji. Mara nyingi kitenzi au kiunganishi kimedondoshwa hapo, na msomaji hulazimika kuunga maana mwenyewe. Mwishoni mwa shairi, hasa linalohusu kifo, dashi huchukua nafasi ya nukta: sauti hukatika, lakini wazo halifungwi.

Miswada
Katika maandishi ya mkono, dashi hizo hutofautiana kwa urefu. Nyingine hupanda, nyingine hushuka. Dickinson pia alitia alama ndogo ya kujumlisha kando ya neno, kisha akaandika maneno mbadala chini ya shairi, mara nyingi bila kuamua lipi libaki.

Uchapishaji
Aliacha mashairi karibu 1,800. Machache mno yalichapishwa akiwa hai. Mkusanyiko wa kwanza, wa 1890, ulihaririwa na Mabel Loomis Todd na Thomas Wentworth Higginson, walioondoa dashi nyingi na kulainisha vina. Thomas H. Johnson alizirejesha katika toleo la 1955. Kwa hiyo, anayesoma matoleo ya awali hupokea maneno mengi ya Dickinson, lakini hukosa sehemu kubwa ya ukimya aliouandika kwa makusudi.